Mkono Nilionyoosha Mitundu

Mama,

Jumatano iliyopita nilinyoosha mkono kukubali mwanamke mmoja wa hapa Mitundu atengwe. Kosa lake ni lile lile walilokutengea wewe kule Ulemo. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na habari za mvua na za wajukuu, sitalifikia.

Sijawahi kukuandikia. Ulipokuwa hai hukujua kusoma, na mimi nilijifunza kuandika vizuri mahali ambapo barua zilifunguliwa kwanza na mtu mwingine. Sasa nimepita miaka sabini. Nina rafu ya vitabu, nina miwani ya kusomea, na watu wa huku wananiita Mwalimu ingawa sijafundisha darasa lolote. Hawajui nilisomea wapi. Mke wangu anajua. Mjomba alijua, naye amekwishakufa.

Ninaliona bado lile dirisha la gereza, nyavu mbili, moja upande wako na moja upande wangu, na askari katikati. Dakika kumi. Ulileta karanga za kukaanga, viazi vitamu, ugali wa uwele, na kila chombo ulitakiwa kukionja mbele ya askari kabla hakijapita. Ulionja kwa ncha ya kidole, kidogo kabisa, ili kisipungue.

Siku ya kwanza ulinisemesha Kinyiramba. Askari akagonga meza: "Bibi, Kiswahili! Hapa tunataka tusikie mnachosema." Kiswahili chako kilikuwa cha mnadani tu, cha chumvi na kuku. Tulitazamana mpaka dakika zikaisha. Mwezi uliofuata ukaja na sentensi moja, nadhani uliifanyia mazoezi njia nzima juu ya lori: "Watu wote wanakusalimu." Nikauliza, nani na nani? Ukahesabu kwa vidole. Mzee Gunda jirani yetu. Mama Sara. Mzee wa kanisa. Hata mjomba wa Elia.

Elia, ambaye nilimpiga fimbo moja ya kichwa kwenye kilabu cha pombe, kwa neno ambalo leo silikumbuki, naye akafa siku ya tatu. Mahakama ilisema sikukusudia. Ikanipa miaka kumi na miwili, na kwa kuwa theluthi husamehewa ukiwa na tabia njema, nilitumikia minane.

Salamu zile zilinishikilia, Mama. Wenzangu walipata wageni wakarudi wamenuna, kwamba huko nyumbani wamefutwa. Mimi nilirudi seli nikiwatajia majina. Nilijivuna. Na siku moja ulipochelewa, ukafika kapu nusu tupu, miguu imepasuka, nilikwambia, "Wenzangu wanaletewa sabuni, Mama." Ulitazama mikono yako. Mwezi uliofuata ulileta sabuni.

Mwaka wa saba hukuja miezi miwili. Askari alinikuta nimebeba ndoo za maji. Akasema, "Mama yako amefariki, wiki ya tatu sasa. Weka ndoo chini kidogo kama unataka." Sikuziweka. Nilikwenda nazo mpaka jikoni, nikazimimina, nikarudi kuchota nyingine.

Nilipofunguliwa nilifika Ulemo nikitarajia mawe. Wakanichinjia mbuzi. Mjomba wa Elia mwenyewe alinimiminia togwa, akasema, "Umemaliza, mwanangu. Serikali ikishamaliza na mtu, sisi ni nani?" Walinipisha nikae kwenye kiti. Nilikuwa na kipande cha nyama mkononi nilipomgeukia Mzee Gunda, nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mzee, asante kwa salamu. Zilinifikia kila mwezi."

Akacheka. "Salamu gani, kijana? Kupitia kwa nani?"

"Kwa mama."

"Mama yako? Yule hatukusemezana naye miaka mitano."

Mwingine akadakia, bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza bei ya mtama: "Alikuwa hazikani na watu, bwana. Msiba ukiangukia Jumapili, yeye hayupo. Alikosa wa mama yangu, akakosa wa mdogo wake Gunda. Tulijua alikokwenda. Lakini hakuaga."

Nikaelezwa yote hapo hapo, huku wakila. Kwamba ukifika kisimani wanawake waliinua ndoo zao, hata zisizojaa, wakaondoka. Kwamba moto wako ukizimika hakuna aliyekupa kaa. Kwamba kanisani benchi lako lilikuwa lako peke yako. Kwamba ulipokufa, kaburi lako lilichimbwa na mjomba aliyetoka Mitundu na wachoma mkaa wawili wasiokuwa wa pale, waliokuwa wakipita. Miaka mitano hakuna aliyekuambia hata "habari za asubuhi", na kila mwezi ulipanda lori kuja kuniletea salamu zao.

Nyama ilikuwa mdomoni. Ningeweza kuitema. Niliimeza, Mama. Walikuwa wananitazama kwa wema, na nilikuwa nimekaa miaka minane bila kutazamwa hivyo. Asubuhi yake nilifunga mzigo nikaja huku kwa mjomba, na Ulemo sijakanyaga tena. Watu husema nilihama. Neno hilo nimeliacha lilivyo.

Tangu hapo nimesoma sana kuhusu adhabu, kila kitabu nilichoweza kukipata, vingine vya watu waliotembelea magereza wakarudi kula kwao. Wanaeleza kuta, minyororo, chakula kibaya. Ni kweli, nilikila. Lakini mimi niliyeua nilipewa namba, nikapewa kipimo, nikapewa tarehe ya kutoka, na siku hiyo ilipofika mlango ulifunguliwa na mtu aliyelipwa kuufungua. Wewe ambaye hukumgusa mtu hukupewa tarehe. Hakuna uliyeweza kumpelekea rufaa, kwa kuwa kila mtu alikuwa hakimu na kila mtu alikuwa askari, na ungemuuliza mmoja mmoja, hakuna aliyekuwa amefanya lolote. Alikuwa hakukusalimu tu.

Sasa nisikilize nilichofanya mimi, ninayeyajua hayo.

Hapa Mitundu tuna chama cha kufa na kuzikana, Waislamu na Wakristo pamoja. Zamani kidogo waliniomba niandike kanuni kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Wakataka asiyehudhuria mazishi matatu atengwe. Nikaongeza maneno mawili: "bila taarifa". Nilijiona nimekulinda wewe, na wote wa mfano wako. Sikujiuliza mtu atoe taarifa gani. Asimame mbele ya watu aseme, Jumapili siwezi kuja kuzika, nakwenda kumwona mwanangu mahabusu? Wewe ungesema?

Mama Idi hakusema. Ni mjane, anakaanga maandazi karibu na stendi. Mwanawe Idi alikamatwa na wenzake kwa wizi wa pikipiki, yuko rumande mjini tangu mavuno yaliyopita, kesi inatajwa na kuahirishwa. Siku ya kuwaona ni Jumapili. Amekosa misiba mitatu.

Tulikutana kwenye ghala la alizeti. Mmoja akasema, "Huyu anatudharau." Mwingine akasema, "Kila Jumapili stendi, kapu mkononi, khanga mpya. Anakwenda wapi kama si kwa bwana?" Watu wakaangua kicheko. Wote pale wanajua Idi yuko wapi, Mama. Wote. Mimi nilicheka pia, kidogo, kwa pua.

Mwenyekiti akasema, "Mwalimu, kanuni inasemaje?"

Nikavaa miwani nikasoma. Nilisoma vizuri. Nilipofika kwenye "bila taarifa" nilisita, nikadhani labda hapo ndipo pa kusema. Mwenyekiti akauliza, "Alitoa taarifa?" Wakajibu kwa pamoja, "Hakutoa." Ikawa imekwisha.

Nilimfikiria mke wangu. Moyo wake umechoka, miguu imevimba, daktari ameacha kuniambia "akipona" siku hizi. Nilifikiria udongo wa huku ulivyo mgumu wakati wa kiangazi, na mgongo wangu, na watoto wetu walioko mbali ambao wakipigiwa simu hufika siku ya pili au ya tatu. Mwenyekiti aliposema wanaokubali, mkono wangu haukuwa wa kwanza. Ulikuwa wa nne au wa tano. Baada ya wangu ikanyooka yote.

Kisha wakasema uamuzi nimpelekee mimi, maana ninajua kusoma kwa heshima.

Tulikwenda watatu. Alikuwa akipembua mchele uani. Alipotuona aliweka ungo chini, akafuta mikono, akapiga goti kidogo kama wanawake wa huku wanavyofanya kwa mtu wa umri wangu.

"Shikamoo, baba."

Aliyetengwa haitikiwi, lakini adhabu huanza pale anaposomewa, na nilikuwa bado sijasoma. Kanuni niliiandika mwenyewe, ninaijua. Ningeweza kumwitikia. Wenzangu wawili walikuwa wananitazama. Nilifungua daftari.

Alisikiliza akiwa bado ameinama. Hakulia, hakubisha, hakumtaja Idi. Nilipofunga daftari aliuliza jambo moja tu: "Mpaka lini, baba?"

Kanuni inasema mpaka kikao kitakapoamua vinginevyo. Haina siku. Mimi, Mama, mfungwa wa miaka minane niliyekuwa nikichora mstari ukutani kila jioni, niliandika adhabu isiyo na siku. Hakuna aliyenilazimisha. Niliona sentensi inapendeza.

Tuliondoka. Nyuma yetu nilisikia mchele ukirushwa tena kwenye ungo.

Nilimweleza mke wangu jana. Hanilaumu kwa mkono nilionyoosha; ananilaumu kwa ninachotaka kufanya sasa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ukimwitikia watatutenga na sisi. Mimi nitazikwa na nani, Samweli? Na wewe peke yako, na mgongo huo?" Nikamwambia nimekwishamwandikia mwenyekiti kuomba kikao kingine. Akasema, "Kikao watakupa. Kuzikwa ndiyo nimeuliza." Akageukia ukutani. Amekula uji nusu kikombe tangu jana, na sijui ni ugonjwa au ni mimi.

Sina jibu lake. Nimelitafuta usiku na mchana na silipati, na sitaki kukudanganya kwamba nitalipata. Labda nitachimba mwenyewe. Labda watakuja wapita njia, kama walivyokuja kwako. Ninamwomba mke wangu jambo ambalo wewe hukuwahi kuniomba mimi, alipe kwa kosa nililolifanya mimi, naye ni mgonjwa. Ulipie wewe kisha alipie yeye. Hilo nalijua, na bado nitakwenda.

Kesho ni Jumapili. Basi la mjini linaondoka saa mbili asubuhi, wakati watu wanapita kwenda kanisani na wengine wamekaa stendi kunywa chai. Mama Idi atakuwepo na kapu lake. Hatanisalimu, hana sababu tena. Nitamwendea mbele ya wote, nivue kofia. Nikishamaliza naye nitampa mwenyekiti daftari lake, jina langu likiwa chini ya la Mama Idi kwenye orodha ya waliotengwa, kwa mwandiko wangu huo huo unaosomeka. Halafu nitarudi nyumbani kumpikia mke wangu uji, akubali kuunywa au asikubali.

Pumzika, Mama. Kwa sabuni ile, na kwa nyama niliyoimeza, nisamehe kama huko watu wanasameheana. Siwezi kukuahidi kwamba nitaishi vizuri, umri huo umepita. Ninakuahidi asubuhi moja tu, na neno moja nitakalomwambia kwa sauti ya kufika upande wa pili wa barabara:

"Marahaba, Mama Idi. Nimechelewa siku nne."

Mwanao,
Samweli