Spika ya Kushoto Inanong'ona

Jumatano, 12 Januari 2011
Spika ya kulia inahutubia, ya kushoto inanong'ona. Kikuza sauti cha santuri, cha valvu mbili, zile taa za kioo zinazopata moto, nilichokiunga kwa mikono yangu mwenyewe – aibu! Na Jumapili dada yangu Minoti anakuja kusikiliza nyimbo za wapiga makasia wa kwetu Barisal. Mwimbaji yuko kulia; dotara, kile kinanda cha nyuzi, iko kushoto. Minoti alitoka kule akiwa mchanga, mikononi mwa mama. Hakumbuki chochote. Nataka nimpe Barisal nzima, si nusu.

Mke wangu Bijoya anasema kasoro ni sikio langu, nivue kwanza kofia ya sufu. Nimevua. Nimegeuza kiti, nikazipa spika kisogo. Unyonge umehamia sikio la kulia. Masikio hayana hatia.

Alhamisi, 13 Januari
Nimezibadilisha valvu nafasi, hii huku, ile kule. Bado kushoto. Nyaya za gramafoni. Kushoto. Rezista zote, vile vijiti vya kupunguza umeme, nimezipima, nzima. Kushoto!

Bijoya kauliza mara mbili nitaiwasha lini mashine. Tangu lini anaijali?

Ijumaa, 14 Januari
Nimeipata! Ndani ya soketi ya valvu ya kushoto, ukoko mweupe. Nikanusa. Nikaonja, umeme umezimwa – mtindi.

Bijoya hakukana. Baridi hii mtindi haugandi Kalkuta bila joto, na joto la bure liko juu ya mashine yangu. Kila alasiri nikisinzia, huiwasha na kuweka bakuli kando ya valvu. Juzi lilimwagika. Alifuta, asema, palipoonekana.

Nimesafisha kwa spiriti. Pande mbili sawasawa. Nilikaa kitako sakafuni, nikasikiliza mto.

Jumapili, 16 Januari
Balaa. Mtindi wa sukari guru alioahidiwa Minoti ni uji mwepesi, kwa kuwa jana mashine ilishinda imezimwa, nikiikagua tena. Bijoya kalirudisha bakuli palepale. Nikapinga. "Mgeni hashibi kwa sauti," kanijibu. Na mtindi unaoganda hausogezwi.

Minoti kafika. Santuri inazunguka. Kabandika sikio kwenye spika ya kushoto, kafumba macho. Dotara inaanza kufifia – tone moja limeshaangukia soketi, la pili linaning'inia ukingoni mwa bakuli. Nilinyoosha mkono.

"Kaka," kasema, macho bado kayafumba, "usiguse kitu. Mashua inakwenda mbali."

Basi naandika, mikono ipate kazi.