Zoezi Nililolitunga

Jumatatu, 4 Machi

Nimepewa mimi! Mkuu wa operesheni kaniita ofisini, kafunga mlango, kasema Ijumaa walinzi wa pwani wa kanda yetu wote tuna zoezi na mtunzi ni mimi. Nibuni ajali ya baharini, kila kitengo kipate kazi: doria, uokoaji, wakaguzi wa vyombo, watu wa kuzuia mafuta yasisambae. Asijue mtu. Hasa mume wangu, Baba Pacha, maana ndiye nahodha wa boti ya uokoaji.

Mama mkwe bado anauliza tunalinda nini huko pwani — mchanga? Nikamwambia, mama, wanamaji wanapigana, polisi wanakamata, forodha wanatoza. Sisi ni hayo yote kidogo kidogo, na mtu akizama ni wetu peke yetu. Akasema basi mlipwe mishahara minne. Nimecheka mpaka machozi.

Jumatano, 6 Machi

Mezani Baba Pacha kanichokonoa tena. Eti nimdokezee tu, mke gani ana siri kama benki. Nikakaza. Akaringa: yeye na bahari wanajuana, siwezi kumdanganya kwa karatasi.

Hilo limeniwasha! Nimeongeza mtego. Katikati ya zoezi, redio itatangaza: "Simamisheni zoezi, hii ni dharura ya kweli." Uongo. Atakayewaacha majeruhi wake na kukimbilia huko, anakatwa alama. Kanuni inasema maneno hayo hayachezewi. Nimemuuliza Mkuu, kasema mara moja haidhuru, tena kacheka sana.

Ijumaa, 8 Machi, asubuhi

Kanasa! Baba Pacha kaiacha midoli ya mpira, majeruhi wetu wa zoezi, ikielea, kakimbilia boya tupu. Chumba cha redio kizima hoi kwa kicheko. Mkuu akamwambia hewani, vyombo vyote vikisikia, kwamba kapigwa bao na mkewe. Akajibu kwa sauti ndogo: sawa, sirudii. Raha niliyoisikia!

Ijumaa, mchana

Naandika kwenye korido, nje ya chumba cha redio.

Baada ya chai iliingia sauti ya mwanamke. Boti inaingiza maji, injini imezima, wako baharini, mkabala na mnara wa taa wa kusini. Nyuma yake mtoto analia. Mwendesha redio akaitikia, akaandika, akanigeukia kidole gumba juu: "Dada, huyu umempata wapi? Mpaka kilio cha mtoto umeweka!" Wakapiga makofi. Mkuu naye.

Mimi sikuandika mwanamke. Mpigaji wangu ni mmoja tu, nahodha wa meli ya mafuta, na alishapiga asubuhi.

Nikadhani Mkuu ndiye kaongeza lake. Nikamtazama — naye ananitazama mimi, anatabasamu. Kumbe kila mmoja anadhani ni kazi ya mwenzake!

Nikanyakua maiki. Nikamwambia mume wangu aiache midoli, hii ni kweli. Akacheka. "Mama Pacha, ya asubuhi imenitosha." Nikarudia. Nikarudia tena. Kila nikitaka kusema kweli, yanatoka maneno yale yale niliyoyachezea! Vyombo vyote vinasikia, hakuna hata kimoja kilichogeuka. Mwisho nikasahau utaratibu wote wa redio, nikalia: Baba Pacha, nakuapia kwa wanetu.

Ndipo akajibu: "Nageuza."

Mkuu kaniondoa kwenye kiti, kashika redio mwenyewe. Hakunifokea. Afadhali angefoka. Kamwita yule mwanamke, kamwita tena. Hajibu.

Mlango uko nusu wazi, nasikia kila kitu. Baba Pacha amefika! Hakuna boti pale, ni mbao na madumu tu. Wamemtoa mwanamke, kazimia. Wamemtoa mtoto, anapumua kwa shida. Baba Pacha anauliza awakimbize hospitali, au abaki kutafuta wengine. Mtoto hatadumu muda mrefu bila daktari, anasema. Mawimbi yanapanda. Boti ya doria iko mbali kule, inazungushia maboya mafuta niliyoyabuni mimi. Mungu wangu, nimefanya nini.

Mkuu anasema subiri. Baba Pacha anasema hakuna cha kusubiri, aambiwe tu walikuwa wangapi.

Uko wapi, mko wangapi. Ndiyo maswali mawili ya kwanza tunayofundishwa, hata kabla ya jina la chombo. Mwendesha redio anatazama alichoandika, anatazama tena. Mahali pameandikwa. Hesabu hakuna. Hakuna aliyemuuliza. Tulikuwa tunapiga makofi.

Mkuu kanigeukia mlangoni, kama vile mimi nitajua.

Redio tena. Hasemi na Mkuu sasa.

"Mama Pacha. Walikuwa wangapi?"