Kiti cha Mstari wa Mbele

14 Oktoba

Kwako Kaka,

Huku sote tu wazima. Paa la ukumbi wa shule limezibwa, na pazia la jukwaa nimelishona mwenyewe kwa shuka kuukuu.

Shajara yangu inasema hivi. Tarehe 3: mwanao amepewa nafasi ya binti anayemngoja babake mlangoni. Tarehe 9: kwenye mazoezi amelia vizuri mno. Nilimpigia kelele, "Hapo hapo! Rudia, sauti ifike nyuma." Akarudia mara tatu. Ya nne akaniambia, "Shangazi, mimi siigizi." Nilikuwa nafundisha tu, Kaka, sikuwa nimemtazama usoni.

Jana ilikuwa siku ya onyesho. Kiti ulichoahidi kukikalia, mwaka wa tatu huu, nilikiwekea karatasi yenye jina lako. Maneno yake yote aliyaelekeza pale. Watu walisimama kumpigia makofi.

Tukirudi nyumbani nikamuuliza mwakani angependa kuigiza nani.

"Baba," akasema. "Ni rahisi, Shangazi. Hatokei jukwaani hata mara moja."

Kiti nimekirudisha darasani leo asubuhi.

Ni mimi, dada yako.