Zahanati ya Juu Mlimani

Dada Kokugonza, shikamoo. Keti kwanza ndipo usome: mdogo wako sasa ni mkalimani wa Bwana Daktari. Nalala hemani, nakula mayai kila asubuhi, na nisipofungua kinywa wakubwa hawaelewani.

Jana tulikuwa Chonyonyo kuchagua mahali pa kujenga zahanati. Watu na maji viko bondeni, kwenye migomba. Bwana akapanda mlimani, akavuta pumzi, akasema hapo ndipo penye hewa safi. Mara wanaume wanne wakafika chini na engozi, ile machela yetu, wamembeba mama anayetetemeka kwa homa. Wakaishusha, wako hoi. Wakaomba Bwana ateremke.

Karani wa Bwana akapaza sauti kutoka juu, "Mpandisheni. Bwana bado anapima."

Mume wa mgonjwa akamjibu, "Kumbe zahanati yenu ni ya wazima?"

Tulicheka sana, ila yule mama alikuwa anazidiwa. Nikateremka, nikatia bega langu kwenye engozi, tukapanda tukiteleza mpaka juu. Alipewa dawa, na leo amekunywa uji. Lakini Bwana alipotuona tumefika alifurahi mno. "Mnaona?" akasema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. "Wagonjwa wanafika." Akapigilia kigingi papo hapo.

Wabusu watoto, na Mungu awaepushe na homa. Ule ukalimani ni uongo, dada. Mimi nabeba kiti cha Bwana.

Mdogo wako,
Rweyongeza