Mama, Nimemtaja Tandu wa Mambrui

Mama yangu mpenzi,

Nimevunja ahadi yetu. Nakwambia mwanzo kabisa kwa sababu hukupenda mtu azungukezunguke. Baba amejua kwamba Tandu wa Mambrui, mshairi aliyemnyima raha redioni miaka ile yote, alikuwa wewe.

Nakumbuka ilivyoanza. Ulikuwa umekaa jikoni pale Muyeye unakuna nazi, nami nimetoka shule. Ukaniita, ukatoa karatasi uliyoandika kwa herufi za Kiarabu, kwani za Kizungu hukusomeshwa, ukanisomea beti polepole niziandike upya ili watu wa redio waweze kuzisoma. Mwisho nikakuuliza niandike jina gani. Ukacheka, ukasema niandike Tandu wa Mambrui, kwa vile ndiko ulikozaliwa na huko tandu, wale wadudu wa miguu mingi wanaouma, hawahesabiki. Jumapili ile mtangazaji akalisoma shairi, na baba, aliyejiona ndiye mshairi pekee Malindi nzima, akaweka kikombe chini.

Alichukia kweli. Wiki mbili nyuma alikuwa ametunga kusifu subira ya wake, na sasa huyu Tandu anamjibu ubeti kwa ubeti, akiuliza mbona wanaosifu subira hawasubiri hata chai ipoe. Kesho yake akaandika majibu. Hapo ndipo mpaka leo nikikumbuka hucheka peke yangu, maana alikuletea wewe umhesabie mizani. Sikio lako aliliamini kuliko lake. Ukahesabu silabi kwa vidole, ukamwambia mstari wa tatu umezidi moja na kina cha ubeti wa mwisho hakina nguvu. Ukamtafutia neno kali zaidi, la kukuchapa wewe mwenyewe.

Ijumaa moja akaenda Mambrui kumtafuta. Baada ya sala akauliza watu, akaonyeshwa wazee watatu. Wawili wakakana. Wa tatu akakubali, akanunuliwa chai na halua, kisha ikadhihirika hajui hata ubeti una mistari mingapi. Baba aliporudi ukampakulia wali, ukamwuliza kwa upole huyo bwana anafananaje. Mimi nilikimbilia uani nisije nikacheka mbele yake.

Nilikusihi umwambie, ukakataa.

"Akijua ni mimi atanionea huruma," ulisema, "na akinionea huruma hatanijibu tena. Niapie hutamwambia."

Nikaapa. Wakati ule sikukuelewa. Sasa nina mume wangu mwenyewe na naona ulichokuwa unakilinda. Wewe baba alikuuliza kama samaki ameiva na kama kanzu yake imekauka. Tandu ndiye aliyeulizwa mambo ambayo baba aliyawaza kweli, naye akasikilizwa jibu lake mpaka mwisho.

Sasa sikia kilichotokea. Mwezi uliopita alikuja mwalimu mmoja anayekusanya mashairi ya zamani ya redio ili ayachape kitabu. Alimfuata baba kwa ajili ya madaftari yake, kwani unajua alikuwa akiyanakili yote, ya kwake na ya Tandu. Mwalimu akasema kwa kuwa Tandu hajulikani ni nani, kitabuni ataandika tu mtunzi asiyejulikana. Baba akatikisa kichwa. Akasema bwana yule lazima amekwisha kufa, Mungu amrehemu, na kwamba maishani mwake hakupata mshindani kama yeye.

Nilikuwa nimeshika sinia ya chai. Nilimsikia anakuombea rehema bila kujua anamwombea nani, moyo ukaniuma. Nikaona nikinyamaza, jina lako litapotea na mimi ndiye nitakayekuwa nimelipoteza. Nikaweka sinia chini, nikasema.

 Baba akavuta daftari, akawa anapitisha kidole kwenye mistari yake uliyomsahihishia.

"Kumbe alinitengenezea," akasema, "halafu ndiyo akanishinda."

Nilidhani amekasirika. Alikuwa analia, mama, na mimi sijapata kumwona akilia, hata siku tuliyokuzika. Mwalimu wa watu akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Nisamehe. Najua niliapa, na ningekuwa na uhakika kwamba umekasirika nisingepata usingizi. Lakini ungemwona alivyokaa sawasawa kitini mwalimu alipofungua kalamu na kuuliza majina yaandikwe vipi. Alikutaja kamili, Rukia binti Shee, akalirudia polepole ili mgeni asikosee. Mwalimu akaandika, kisha akauliza na yeye kwenye majibu yake aandikwe nani.

"Andika mume wa Rukia," baba akasema.

Pumzika, mama.

Mwanao uliyemwapisha