Huku "Shano" Haina Ndugu

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Naomba Mungu baridi ya Malindi yetu ya Lushoto isikuzuie kwenda ibadani. Mimi ni mzima, ila upweke umenizidi.

Mafunzo ya kusindika chai yanakwenda vizuri. Shamba ninaloishi hapa Taiwan liko mlimani, na ukungu wake ni kama wa Lushoto. Nikiamka nadhani niko nyumbani, mpaka nisikie watu wakiongea.

Mwenye shamba anaishi na mama yake mzee. Wao ni Wapuyuma, wenyeji wa kisiwa hiki kabla Wachina hawajafika. Lugha yao imebaki kwa wazee wachache. Bibi anawasemesha wajukuu, nao wanamjibu Kichina. Anayemtunza ni Sari, msichana kutoka Indonesia.

Jumapili tulikuwa tunamenya viazi vitamu. Bibi akaushika mkono wa Sari, akasema, "Lima."

Sari akashtuka. "Kwetu lima ni tano!"

Kumbe kwa bibi ni mkono, na ni tano pia. Wakaanza kulinganisha maneno. Jicho, wote wanasema mata. Walicheka mpaka viazi vikasahaulika. Mwenye shamba akanieleza kwamba lugha zao ni za ukoo mmoja, uliosambaa visiwani hadi Madagaska. Mama, Madagaska, jirani zetu kabisa! Hata huko bibi ana ndugu.

Kisha bibi akanigeukia, akaniuliza kwa Kichina cha polepole, "Na kwenu mnahesabuje?"

Nikanyoosha vidole, nikahesabu Kishambaa mpaka shano, tano yetu. Wakasikiliza, wakitafuta neno wanalolijua. Hawakuliona.

"Pole, dada," Sari akasema, kama mtu anayetoa rambirambi.

Nikatoka. Nikakaa katikati ya michai, nikaanza kuongea Kishambaa peke yangu. Sikujua bibi amenifuata na fimbo yake. Hakuuliza nasema nini. Akakaa kando yangu, akanijibu kwa lugha yake, maneno mengi, nami nikaendelea kwa yetu. Nilimsimulia siku tuliyomzika baba. Yeye sijui alinisimulia nini, lakini alijifuta machozi kwa kitambaa chake cha kichwani. Tulizungumza hivyo mpaka mvua ikatufukuza.

Ukinipigia, mama, nisemeshe Kishambaa tu, hata kama kuna wageni sebuleni.

Nisalimie kaka na wifi, shangazi auzaye kabichi sokoni, na mama mkubwa wa Irente.

Kitinda mimba wako,
Rehema