Kinywaji Changu, Jina la Bwana Harding

Jumanne, 1 Desemba 1953

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi. Leo mchana, hapo kaunta, Bwana Harding amewaambia wageni wa hoteli yetu hapa Nakuru kwamba kile kinywaji chekundu alikibuni mwenyewe akiwa anaoga. Anaoga! Na mimi nimesimama hapo hapo napangusa glasi. Wakampigia makofi. Sasa kimeandikwa ukutani kwa chaki: Harding Special.

Nilikitengeneza mimi, mwezi wa nane. Matunda damu, ndimu, asali, jin, barafu. Siku kumi na moja za kujaribu, na sijakionja hata tone. Niliapa mbele ya wazee wa kanisa kwamba kazi ya baa nitaifanya kwa mikono tu. Kwa hivyo naonja mchanganyiko kabla ya jin. Jin naipima kwa pua, halafu natazama nyuso za wanaokunywa.

Bwana anajua kila kitu alichoona nikitia. Kibuyu hajui. Asali yangu inakaa ndani ya kibuyu ambacho Chemutai, mke wangu, anakisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, vile tunavyofanya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Ule moshi ndio kinywaji chenyewe. Bila huo ni maji ya matunda tu.

Alhamisi, 3 Desemba

Nakodishwa tena. Kama tela! Nimemsikia kwenye simu: atampelekea Memsahib Prentice wa Gilgil chupa, barafu na boi. Kwa mpangilio huo. Ni harusi ya binti wa Memsahib, tarehe 12.

Huyu Memsahib ndiye aliyeniambia kule Dundori, nilipokodishwa mara ya mwisho, kwamba nikileta barua ya tabia njema kutoka kwa bwana wangu, mwaka mpya ataniita mimi mwenyewe kwenye sherehe zake, kwa jina langu, na marafiki zake pia wataniita. Barua moja tu! Nimeiomba mara tatu. Jibu ni lile lile. "Ngoja kidogo, boi."

Miaka sita nangoja kidogo.

Jumapili, 6 Desemba

Kanisani. Mzee mmoja aliniuliza kama bado mdomo wangu ni safi. Nikasema ndiyo. Hakuniuliza juu ya moyo, na mimi sikumwambia.

Jumatano, 9 Desemba

Kibuyu kimeoshwa! Kwa sabuni! Kwa maji ya moto na brashi ya waya!

Bwana alichungulia ndani akaona weusi, akapiga kelele kwamba nawalisha wageni masizi. Asali yote ikamwagwa. Ephantus, mpishi, ndiye aliyeamriwa kukisugua. Alinifuata nyuma ya jiko akasema, "Pole ndugu yangu. Ningefanya nini?" Siwezi kumlaumu. Siku hizi za Hali ya Hatari, Mkikuyu akikosa kazi anapakiwa kwenye lori la polisi.

Bwana amenunua asali ya chupa. Tena amesema Gilgil atachanganya mwenyewe mbele ya watu, kazi yangu ni barafu. Vizuri. Achanganye!

Ijumaa, 11 Desemba

Nilimweleza Chemutai mambo yote, nikipiga meza. Alitoa kibuyu cha marehemu mama yake, akakisugua kwa mkaa mpaka jasho likamtoka, akakijaza asali.

"Chukua," akasema. "Lakini usimpe mtu mwingine akishike."

Jumamosi, 12 Desemba. Gilgil

Naandika ndani ya stoo, juu ya kreti.

Saa saba mchana Bwana alisimama mezani na tai yake, akachanganya. Akamwaga, akatikisa, akatabasamu. Memsahib Prentice akanywa. Akaweka glasi chini. Akasema hiki sicho. Bwana akachanganya tena. Hicho pia sicho. Wageni wakaanza kutazamana.

Ndipo Bwana akanigeukia. Mbele ya bwana harusi, mbele ya padri wao, mbele ya afisa wa polisi mwenye bastola! Akasema ni boi huyu, amekunywa jin njiani akajaza chupa maji.

Mimi! Mimi ambaye sijui hata jin ina ladha gani!

Nilisema kwa Kiswahili chao cha masetla, "Memsahib, mimi sikunywa. Mimi nakunywa hapana, hata kanisa najua." Sauti yangu ilikuwa kubwa. Afisa akasogea. Memsahib akainua mkono, akaniuliza kama naweza kukitengeneza. Nikasema naweza. Basi kitengeneze hapa, akasema, tukuone.

Nikaja stoo kuchukua kibuyu nilichokificha. Bwana akanifuata. Alipokiona alielewa papo hapo siri iko wapi. Akatoa barua mfukoni — imeandikwa, imepigwa sahihi, jina langu juu! Kumbe ilikuwa tayari siku zote hizi! Akasema kwa sauti ya chini: nimpe kibuyu, atoke nacho yeye, aseme alikisahau garini. Nikikubali, barua ni yangu na maneno ya jin yamekwisha. Nikikataa, ataichana na nitarudi Nakuru na yule afisa.

Nikamsukuma nje. Ndiyo, kwa mikono hii. Nimetia komeo.

Anagonga. Barua ameipitisha chini ya mlango, nusu. Nusu nyingine ameishika. Kibuyu kiko kati ya magoti yangu, na harufu ya moshi imejaa stoo nzima kama nyumbani.

Huko nje Memsahib anauliza kama kuna shida. Bwana anajibu hakuna, hakuna. Halafu ameweka mdomo mlangoni.

"Tafadhali, Micah."

Sijawahi kumsikia akilitamka jina langu.

Anagonga tena. Wacha agonge.